Kauli, Daftari na Mizani

Tukitajiwa utamaduni wa taifa, wengi wetu hukumbuka ngoma, mavazi, mashairi, jando na unyago, na vyakula vya kwetu. Ni mara chache mtu hukumbuka duka, mashine ya kusaga au gari la mizigo. Lakini jinsi watu wanavyopeana mali, wanavyokopana na wanavyolipana ni sehemu ya utamaduni wao sawasawa na jinsi wanavyoozana na wanavyozikana. Katika makala haya nakusudia kueleza jambo moja lililo ndani ya biashara zetu, nalo ni kuaminiana: lile linalomfanya mtu akabidhi jasho la mwaka mzima mikononi mwa mwenzake bila ya kushika hata senti moja. Nitaeleza hasa habari ya biashara changa, kwa sababu biashara kongwe huweza kuegemea jina lake, lakini iliyo changa haina jina bado. Ina watu tu.

Mimi si mtaalamu wa uchumi. Elimu yangu ni ya kidato cha nne, na kazi yangu, mbali na kutunga mashairi, imekuwa ukarani katika ofisi za serikali wilayani. Kwa miaka mingi nimekaa kwenye meza ya leseni za biashara, na meza hiyo ni shule. Kila anayekuja hujaza jina la biashara yake, mahali ilipo na aina yake. Lakini akipata kiti na dakika chache, husema na yale ambayo fomu haikumwuliza. Husema ni nani aliyemchangia mtaji, nani alimwomba mwenye nyumba angoje kodi, nani wa kwanza alimpa mzigo kwa mdomo mtupu. Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972 haikuweka nafasi ya kuandika majina hayo, wala sisemi kwamba ingepaswa kuiweka. Nasema tu kwamba katika biashara zote changa zilizopita mbele ya meza yangu, sikumbuki hata moja iliyoanza kwa fedha peke yake.

Wafanyabiashara wa nchi hii wana jina la jambo hili: mali kauli. Mwenye duka la jumla Kariakoo humpa kijana nguo, vyombo au viatu. Kijana huenda kuuza mitaani, na siku ya ahadi ikifika hurudisha fedha za mwenye mali akabaki na faida yake. Hapana mkataba, hapana hati ya nyumba. Pana kauli tu. Na nyuma ya kauli hiyo mara nyingi yuko mtu wa tatu, ambaye ni binamu, au jirani, au mtu wa kijiji kimoja, au mwenzi wa msikitini au wa kwaya, aliyesema, "Huyu namfahamu." Maneno hayo mawili ni mtaji. Ayasemaye ameliweka jina lake rehani, na kijana akitoroka na mali, anayeshindwa kupita mbele ya duka lile si kijana peke yake.

Desturi hii si ya jana. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora, Ujiji na hata ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ilisafiri kwa mali ya kukopa. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip na aliyefariki Zanzibar mwaka 1905, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na habari za mikopo zimo tele katika masimulizi hayo. Tajiri mmoja wa Zanzibar mwenye asili ya Bara Hindi, Taria Topan, alimpa mali, naye akaingia nayo bara kwa miaka, mahali ambapo mdai asingeweza kumfuata. Hawakuwa wa ukoo mmoja. Kilichowaunganisha ni kauli, na tumaini la pembe za ndovu.

Lakini ukweli usemwe wote. Pembe zile zilibebwa mabegani mwa watu, na wengi waliopitishwa katika njia zile walikuwa watumwa. Kwa hiyo tusidhani kwamba watu wakiaminiana wao kwa wao, basi haki imekwisha kutendeka. Hata genge la wezi huaminiana. Liko swali la pili lililo kubwa kuliko la kwanza: kuaminiana huko kunamfikia nani, na kunamwacha nani nje?

Nitatoa mfano mmoja nilioushuhudia nilipokuwa nikitumikia wilaya moja ya Mkoa wa Singida, nchi ya alizeti. Majina ya wahusika nayaacha, kwa kuwa wako hai na biashara yao iko hai.

Vijana watatu, mtu na binamu yake pamoja na binti wa jirani yao aliyesoma uwekaji hesabu, walichanga akiba zao wakanunua mashine ndogo ya kukamulia mafuta. Mashine ilipokwisha kusimikwa, hawakubaki na fedha ya kununulia mbegu. Benki waliyoiendea iliwataka hati ya nyumba, na wote watatu walikuwa wapangaji. Ndipo walipokwenda kwa mjomba wa yule kijana mkubwa, mzee aliyeheshimiwa katika vijiji vitatu vya jirani. Mzee aliwasikiliza, akawaita wakulima chini ya mkwaju, akawaambia, "Hawa ni wanangu. Wapeni alizeti, watawalipa wakiuza mafuta." Wakulima wakatoa. Upande wa pili, mama mmoja mfanyabiashara wa Dodoma, aliyesoma na dada yake binti yule, akakubali kupokea madumu ya mafuta na kuyalipia kila anapoyamaliza. Mashudu yakauzwa kwa wafugaji wa kuku na ng'ombe, nao wakilipa kwa kauli vilevile. Tazama basi, msomaji: mkulima hamjui mama wa Dodoma, na mama wa Dodoma hamjui mkulima, lakini mali ya mmoja imefika kwa mwingine kwa mnyororo wa watu waliosema, "Namfahamu."

Mnyororo ule ulivutwa kwanza kutoka ndani. Ndugu walianza kufika mashineni. Shangazi ana matanga, apewe dumu moja. Mtoto wa kaka anaoa, yapelekwe madumu mawili. Kila mmoja husema, "Andika tu," na wengi waliosema hivyo walidhani kuandika ni namna ya adabu, si deni. Mwisho wa msimu wa kwanza binti alifungua daftari mbele ya wenzake, na ikaonekana kwamba ndugu wanadaiwa kuliko wateja wote wa mbali. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hii ilikuwa na daftari, ikawa inapotea na habari zake zote.

Wafanyeje? Kumnyima shangazi mafuta ya matanga ni kujikata na ukoo ule ule uliowapa mtaji. Kumpa kila aombaye ni kuifunga mashine. Walilolifanya ni jambo dogo, nami naliona la hekima. Walitenga dumu moja kila mwezi, wakaliita dumu la ukoo. Hilo hutolewa bure, kwa msiba, arusi au ugonjwa, na hugawanywa kwa shauri la mjomba. Likiisha, limekwisha mpaka mwezi ujao. Yote mengine ni mali ya biashara, na kila mtu, awe mjomba mwenyewe, hulipa. Kwa njia hiyo zawadi ikawa zawadi na deni likawa deni. Manung'uniko hayakukosekana. Lakini kinachovunja undugu mara nyingi si kunyimwa, bali kile kilichotolewa huku mpaji akidhani amekopesha na mpokeaji akidhani amepewa.

Jambo la pili lilihusu vipimo. Katika vijiji vile wanunuzi wengi wa kupita walikuwa wakinunua kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa likafika mdomoni, kisha likaongezewa kilemba cha juu na kushonwa kwa kamba. Mkulima hulipwa gunia moja, huku akiwa ametoa gunia na sehemu ya la pili. Sheria ya vipimo inakataza, na gunia halipaswi kuzidi kilo 100. Lakini sheria iko mjini na gunia liko shambani. Vijana wale waliweka mizani mbele ya mlango, si nyuma ya ghala, na kila aliyeleta alizeti alisoma uzito mwenyewe na kupewa stakabadhi. Mkulima asiyejua kusoma aliruhusiwa kuja na mtoto wake wa shule. Mizani ile ilifanya kazi ambayo mjomba asingeiweza. Wakulima wa vijiji vya mbali, ambao hawakupata hata kulisikia jina la mzee, walianza kuleta mali yao, kwa kuwa chuma hakina ukoo.

Hapo ndipo alipoingia mtu wa nne. Alikuwa kijana kutoka Kigoma, aliyefika Singida akiwa mpakiaji wa magari. Alikuwa na akiba ndogo na bidii kubwa, lakini kila duka aliloliendea kuomba mali kauli liliuliza swali moja: "Nani anakufahamu?" Hapakuwa na mtu. Ujamaa wetu, ambao tunajivunia kwa haki, ulikuwa kwake ukuta usio na mlango. Alifanya kazi kwa vijana wa mashine misimu miwili, akipakia na kupima, na kila siku kazi yake iliandikwa katika daftari: magunia mangapi, upungufu kiasi gani. Alipoomba apewe madumu akauze mwenyewe mnadani, binti hakuuliza ni mtoto wa nani. Alifungua daftari. Kurasa zile zilimdhamini kama mjomba anavyomdhamini mpwa wake.

Jaribio kubwa likaja mwaka 2023. Msimu wa 2022 mafuta ya kula yalikuwa yamepanda bei duniani, na alizeti ikapanda pamoja nayo. Wakulima wengi wakaongeza mashamba. Msimu uliofuata bei ikaporomoka. Vijana walikuwa wamepokea mbegu mwanzoni mwa mavuno kwa bei iliyokubaliwa wakati ule, walipe baada ya kuuza. Walipofika kuuza, mafuta hayakurudisha hata gharama ya mbegu. Wakulima wakangoja. Wanunuzi wengine waliokuwa wamechukua mali kwa kauli walikwisha kuzima simu zao.

Katika kikao chao, ambacho waliniomba nihudhurie kama shahidi, binamu alisema, "Bei ya soko imeshuka, basi na kauli nayo ishuke. Tuwalipe kwa bei ya leo." Hayakuwa maneno ya mwizi. Alikuwa na watoto wawili na kodi ya miezi mitatu. Binti akajibu, "Siku ile hatukuwaambia bei ya soko. Tuliwaambia bei yetu, na imeandikwa." Wote wakamtazama mzee. Mjomba alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Mimi sikuwadhamini fedha, kwa maana sina. Niliwadhamini maneno yenu. Yakivunjika, mimi sina pengine pa kukaa ila hapa hapa kijijini."

Waliuza pikipiki ya biashara. Waliwaita wakulima, wakawasomea daftari lote bila kuficha, wakaomba kulipa kwa mafungu matatu, na fungu la mwisho lililipwa Desemba. Binamu hakukubali; alidai fungu lake la mtaji, akalipwa kidogo kidogo, akajitoa. Nilimwona miezi kadhaa baadaye katika arusi ya ukoo wao, ameketi safu ya nyuma, mbali na mwenzake aliyekua naye nyumba moja. Nayasema haya kwa sababu vitabu vingine husimulia uaminifu kama kwamba hauna gharama. Una gharama, na mara nyingine gharama yenyewe ni ndugu.

Wala sisemi kwamba msimu uliofuata mali ilimiminika. Baadhi ya wakulima walikata tamaa ya alizeti wakarudi kwenye mtama. Wengine waliuza kwa lori la mjini lililolipa papo hapo. Lakini waliobaki walikuja na alizeti yao bila ya mjomba kuwaita. Mzee alikuwa mgonjwa mwaka ule na baraza la chini ya mkwaju halikufanyika. Kwangu mimi hiyo ndiyo siku biashara ile ilipoacha kuwa changa. Ilikuwa imepata jina lake yenyewe.

Sasa tujiulize, mfano huu unatufundisha nini kuhusu utamaduni wetu? Wako wanaosema kwamba kuandika ni dalili ya kutoaminiana, na kwamba muungwana haombwi stakabadhi. Mimi naona kinyume chake. Watazameni akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo sasa vinatambuliwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Wanafahamiana kwa majina ya watoto wao, wanasaidiana katika uzazi na msiba. Hata hivyo sanduku lao la fedha huwa na kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu mbalimbali. Hakuna anayeona kwamba ametukanwa. Kufuli zile zinamlinda mwenye ufunguo dhidi ya shuku, na zinaulinda urafiki dhidi ya fedha.

Aidha, historia yetu ya ushirika inashuhudia hivyo hivyo. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha KNCU. Mkulima aliipeleka kahawa yake katika chama, ikapimwa, ikaandikwa, akangoja malipo kutoka katika soko ambalo hatalitia machoni maishani mwake. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini kote. Mwaka 1982 ikatungwa sheria ya kuvirudisha. Majengo na vibao vilirudi mapema. Kuaminiana hakukurudi kwa mwendo ule ule, kwa kuwa huweza kuvunjwa kwa amri, lakini hakurudishwi kwa amri. Hurudi kwa kilo moja iliyopimwa sawasawa, kisha nyingine.

Katika siku zetu umeingia mtandao wa simu. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na mwaka uliofuata ikaingia Tanzania. Kabla ya hapo, fedha ya kijana wa mjini kwenda kwa mama yake kijijini ilitiwa katika bahasha, ikakabidhiwa dereva wa basi au msafiri wa kwao. Siku hizi huenda kwa dakika moja. Wengine wakasema, sasa hatuhitaji tena kuaminiana, mashine itatuaminia. Lakini mama yule bado huenda kwa wakala anayemfahamu, na matapeli bado hutuma ujumbe usemao, "Ile hela tuma kwenye namba hii," kana kwamba ni mwana anaandika. Hawaibi kwa kuvunja mashine. Wanaiba kwa kuazima sauti ya ndugu. Kwa hiyo chombo kipya hakikutuondolea haja ya uaminifu. Kimetuongezea haja ya kujua tunamwamini nani na kwa ushahidi gani.

Hoja yangu basi ni hii. Kauli ya ndugu ndiyo inayoizaa biashara, na asiyeiheshimu hana pa kuanzia. Lakini biashara ikibaki katika kauli ya ndugu tu, itawafaa wenye wajomba na itamwacha nje kijana wa Kigoma. Na taifa letu lina vijana wengi walio mbali na wajomba wao. Daftari na mizani ndivyo vinavyoufungua ukoo ili mgeni aingie. Wala havikuja kuiua kauli. Vimekuja kuithibitisha, ili mtu aweze kuaminiwa kwa alilolitenda hata pale asipojulikana alikozaliwa.

Walimu na wanafunzi mtakaosoma makala haya mnaweza kuanzia hapo hapo mlipo. Mna duka la shule, au shamba, au mradi wa kuku. Msiuache uwe wa mwalimu mmoja na wapenzi wake. Wekeni mizani mahali pa wazi, daftari lisomwe mbele ya wote kila mwisho wa mwezi, na mwanafunzi aliyehamia juzi apewe zamu yake ya kushika ufunguo. Ni somo la uraia kama yalivyo mengine. Nami, kwa kuwa kalamu yangu haijazoea kuaga bila ubeti, nawaachia huu, ambao niliubandika ukutani juu ya meza yangu ya leseni:

Kauli ni mbegu njema, hupandwa na kumwagiwa,
Mizani ndiyo kisima, wote hapo hugawiwa,
Mgeni aliyehama, naye apate kupewa,
Neno lililopimika, ndilo la kutegemewa.